Ovasia na Karatasi ya Soda

Ovasia alitema mate kila alipopita jiwe la ufunguzi. Mawe hayo unayajua: bamba jeusi ukutani, jina la mkubwa kwa herufi za rangi ya dhahabu, na chini yake majina ya wakubwa wadogo waliokuja kumpigia makofi. Alisimama mbele ya bamba akasoma majina yote kwa sauti, polepole, kama karani anayeita watu barazani. Kisha aligeuka kuangalia kilichojengwa. Choo cha soko kisicho na mlango. Tangi ambalo halijawahi kuona maji. Nguzo ya taa iliyowaka wiki mbili, ikabaki kuwa mahali pa kufungia mbuzi. Hapo ndipo alipotema mate pembeni, akainama kidogo na kuuambia udongo, "Pole. Si wewe."

Niliona haya kutembea naye. Mimi ni mtu wa kuogopa macho ya watu, na yeye alikuwa mtu wa kuyaita. Lakini nilitembea naye miaka kadhaa, na sasa hayupo, na siku ya mazishi yake gari lililobeba jeneza lilizunguka kwa barabara ya juu kwa sababu daraja letu halipitiki. Alikuwa amesema halitapitika. Alisema siku lilipofunguliwa, rangi ikiwa bado mbichi. Hadithi yake na hadithi ya daraja hilo siwezi kuzitenganisha, na katikati yake kuna jina langu. Naandika nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni changu mwenyewe.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa nani. Huku kwetu Malinya mtu huulizwa ukoo kabla hajaulizwa hali, na yeye alikuwa akijibu, "Mimi ni wa ukoo wa waliostaafu." Aliitwa Ovasia kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake serikalini: kusimamia mafundi, kupima mitaro, kuhakikisha kwamba kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Alistaafu kabla serikali za kaunti hazijazaliwa. Alitoka na koti la kaki na nyundo ndogo yenye mpini uliong'aa kwa jasho la kiganja chake. Koti lilichakaa. Nyundo haikuchakaa.

Mimi nina kibanda pale sokoni: kompyuta moja, mashine ya kopi, kiti cha mteja. Sikwenda chuo. Kuchapa nilijifundisha, na Kiswahili cha kuandikia nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia nyama na kamusi isiyo na jalada. Labda ndiyo maana naogopa sana kukosea. Aliyesomeshwa akikosea ni bahati mbaya, aliyejifundisha akikosea watu husema, si unaona. Mstari ukipinda nachapa upya ukurasa mzima. Nimewahi kumfuata mteja mpaka stendi ya pikipiki ili nimbadilishie barua ya likizo kwa sababu ya nukta moja. Hata haya unayoyasoma nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, na bado kuna sentensi zinazonikera.

Ovasia alikuja kibandani mara ya kwanza na barua ya mkono kuhusu mtaro wa soko. Niliisoma nikaona makosa kumi. Yeye alinisoma mimi akaona moja.

"Wewe unaandikanga kama mtu anajenga nyumba ya kuonyesha wageni," alisema. "Nataka ya kulala."

Nilimwita Kuka, yaani babu kwa lugha yetu. Yeye aliniita mukhana, msichana, hata nilipofikisha umri ambao wasichana wenzangu wanaitwa Mama Fulani.

Nyundo yake niieleze vizuri, kwa kuwa watu wengi walimjua kwa hiyo. Hakuenda mahali bila kugonga kitu. Ngazi za kanisa, ukingo wa kisima, nguzo za stima. Aligonga, akaweka sikio, akagonga tena hatua moja mbele. Alikuwa akisema zege zuri likiulizwa linajibu, na zege la wizi linanyamaza. Mimi nilisikia ko, ko, ko tu. Baada ya mwaka mmoja nilianza kusikia tofauti: kuna ko inayokurudia mkononi, na kuna ko inayozama kama jiwe kwenye tope.

Siku moja aligonga madhabahu mapya katikati ya harambee ya kanisa. Mchungaji aliruka.

"Mzee! Hiyo ni madhabahu!"

"Najua, Pasta. Naangalia kama Mungu ameibiwa."

"Na?"

"Ameibiwa kidogo."

Waumini walicheka mpaka mchungaji naye akacheka, ila fundi aliyejenga hakucheka, na Jumapili iliyofuata alionekana akibomoa upande mmoja kimyakimya. Mafundi walimwogopa. Wakimwona anakuja waliitana, "Shikilia ukuta, Ovasia huyo!" Mmoja alimwambia, akidhani anatania, "Mzee, usigonge hapo, itaanguka."

"Basi unajua," Ovasia akasema, akaondoka.

Kitu kilichomtia kichefuchefu kuliko vyote hakikuwa wizi. Wizi aliuelewa, alisema mwizi angalau anajua alichofanya. Kilichomchefua ni neno "serikali" linapotumiwa kama blanketi. Nilipomchapia barua nikaandika "serikali imeshindwa kutengeneza mtaro," aliikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, karatasi safi niliyoitoa kwenye mashine dakika hiyo.

"Serikali haina mkono, mukhana. Mwenye mkono ni mtu. Nani aliweka udongo mahali pa kokoto? Nani alikuja kuangalia? Nani aliweka sahihi? Andika hao."

"Hatuwajui, Kuka."

"Basi andika kwamba tunataka kuwajua."

Alichotaka yeye kilikuwa kidogo, na udogo wake ndio ulionifanya nione jinsi tulivyooza, kwa sababu hata hicho kidogo kilikuwa hakiwezekani. Alitaka kabla kazi haijaanza ubao uwekwe pale pale, si wa kumsifu mtu, bali wa kusema mifuko mingapi ya simiti itaingia hapa na vyuma vya unene gani, ili mama anayepita na kuni aweze kuhesabu. Alitaka mkandarasi asimaliziwe malipo mpaka watu wawili wa hapo wanaojua kazi wagonge. Na alitaka karatasi ya mahudhurio isiwe ndiyo karatasi ya kukubali kazi. Hilo la mwisho alilirudia mpaka nikachoka nalo. Nilidhani ni uzee.

Alilipeleka ofisi ya wadi. Afisa wa wadi, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, alimsikiliza akampa kiti. "Mzee, hayo ni mambo ya sera," alisema.

"Sera anakuja lini?" Ovasia aliuliza. "Nimngoje hapa ama nje?"

Usije ukadhani alikuwa malaika mwenye nyundo. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa aibu. Mlango haukufunga, aliuzuia kwa jiwe. Bati lilivuja mahali patatu na choo chake kilikuwa kimeegemea mgomba kama mlevi. Nilipomuuliza alisema fundi wa kumwamini hajazaliwa, na yeye mwenyewe mgongo umekataa. Aliwafokea vijana wa uashi mbele ya watu, kisha akawaita nyumbani kwa chai. Alisema wanasiasa wote ni kupe, lakini wimbo wa taifa ukipigwa redioni alisimama, hata kama ana bakuli la uji mkononi, hata kama yuko peke yake. Nilimkuta hivyo siku moja, wima jikoni, uji unapoa.

"Kuka, hawa unaowatukana ndio hao."

"Sijasimamia hao," alisema. "Nimesimamia ile nchi tuliahidiwa."

Na alipenda mapigano ya fahali kupita kiasi. Mtu ambaye hakuweza kukaa mkutanoni bila kugombana aliamka alfajiri kufuata ngoma za isukuti hadi uwanjani, nyundo ikiwa mfukoni, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Alisema fahali hana bamba la ufunguzi. Anasimama au anaanguka, na kila mtu anaona.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa soda ya machungwa. Aliinywa kama mtoto, akifumba macho. Hili likumbuke.

Mara moja tu, mvua ikiwa imetufungia kibandani, aliniambia habari ya tangi. Miaka mingi nyuma, akiwa bado kazini, alitumwa kupokea tangi la maji la zahanati moja mbali na hapa, upande wa Likuyani. Mkubwa wake alikuwa garini, injini inanguruma, ana safari nyingine. "Weka sahihi twende." Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya kupendeza. Nyundo ilikuwa mfukoni. Hakuitoa. Aliweka sahihi juu ya boneti ya gari. Mvua ya kwanza tangi lilipasuka kama chungu, na muuguzi mmoja alichota maji mtoni kwa ndoo mpaka alipostaafu.

"Hakuna mtu alikufa," nilisema, nikidhani namfariji.

"Wewe umejuaje?" alisema. "Mimi sikuwahi kurudi kuuliza."

Hakulizungumza tena. Lakini baada ya hapo nilielewa kwa nini mkono wake ulikuwa hautulii.

Sasa daraja.

Kati ya kijiji chetu na soko kuna kijito. Upande wa pili ndiko kuliko zahanati, shule na kibanda changu. Miaka yote tulivuka kwa magogo mawili. Mama yangu ana sukari, anakwenda zahanati kila mwezi, na siku za soko anauza mrenda na kunde. Mvua ikinyesha sana anabaki upande huu, bila dawa na bila soko. Kwa hiyo mkandarasi alipokuja na mchanga na vijana wakaanza kuchimba, mama alipiga vigelegele. Mimi pia nilifurahi. Ovasia alikwenda kila siku kuangalia, na kila siku walimfukuza. Wakazungushia mabati. Walipoyaondoa, daraja lilikuwa jeupe pee, limepakwa chokaa hadi miguuni.

Siku tatu kabla ya kufunguliwa, kijana kutoka ofisi ya wadi alikuja kibandani. Alitaka karatasi yenye mistari arobaini: namba, jina, kitambulisho, simu, sahihi.

"Kichwa niandike nini?" nilimuuliza.

"Acha nafasi juu. Tutajaza."

Niliacha nafasi. Siwezi kujitetea kwamba nilishuku nikanyamaza. Sikushuku. Nilikuwa na shughuli ya kupima upana wa safu. Safu ya sahihi nilikuwa naona ni nyembamba, nikaipanua, nikapunguza ya simu, nikachapa upya, nikachapa tena. Nilitumia mchana mzima kwa karatasi ambayo sikujua inasema nini.

Siku ya kufungua palikuwa na hema, viti vya plastiki, spika kubwa na kreti za soda. Ukiweka sahihi unapewa soda na nusu mkate. Huo ndio utaratibu wetu, na usituulize ulianza lini. Kila mkutano wa umma una karatasi yake. Watu wanapanga foleni, wanaandika, wanachukua soda, wanarudi kukaa. Nimewaona wazee waliokataa kuweka sahihi kwa wanao wenyewe, wakihofia kuibiwa shamba, wakijiandikisha kwenye karatasi ya soda bila kuitazama. Si kwa sababu ni wajinga. Ni kwa sababu soda ndiyo kitu pekee ambacho serikali imewahi kuwaahidi na kuwapa siku hiyo hiyo.

Karatasi ilipowekwa mezani, nilisimama wa kwanza. Sikuwa na kiu. Nilitaka kuona kama safu ya sahihi inatosha. Hilo ndilo ungamo langu, na nimelizunguka tangu mwanzo wa maandishi haya. Niliandika jina langu kwenye namba moja kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikaweka sahihi, nikaona inatosha vizuri, nafasi kidogo juu na kidogo chini. Nikafurahi. Nikachukua soda.

Ovasia hakuwa hemani. Alikuwa chini ya daraja. Tulimsikia katikati ya hotuba, ko, ko, ko, mpaka mkubwa aliyekuja kufungua akakatiza na kuuliza ni fundi gani huyo anaendelea na kazi. Watu wakacheka. Ovasia akatokea ukingoni, magoti yana tope.

"Limenyamaza," alisema.

"Nini kimenyamaza, mzee?"

"Hii daraja. Upande wa huku wote. Nimeuliza mara ishirini."

Kijana wa wadi alimkimbilia na chupa. "Kuka, njoo uketi. Chukua soda, ni ile yako ya machungwa. Weka tu sahihi hapa."

Nilimwona akiitazama ile soda. Alikuwa ametoka juani, midomo imekauka. Aliitazama muda ambao sisi sote tuliuona.

"Soda yenu ina kamba," alisema. "Nikinywa nitafungwa."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu mzee hajazoea kitu kizuri." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika chupa.

Mvua za masika zilipokuja daraja lilistahimili wiki tatu. Siku ya soko, saa tatu asubuhi, mama alikuwa anavuka na kapu kichwani. Mguu wake wa kulia ulizama. Sio kwamba aliteleza. Sakafu ilimpokea kama uji. Alizama hadi pajani, mfupa ukavunjika chini ya goti, kapu likaenda na maji. Walipomtoa, niliinama kuangalia lile shimo. Ndani yake, chini ya ngozi nyembamba ya zege, kulikuwa na mifuko mitupu ya simiti iliyojazwa udongo, na kandambili moja ya bluu. Mtu alikuwa amefika mwisho wa kazi, akaona bado kuna pengo, akatupia kandambili yake.

Bado naiona ile kandambili nikila. Sijui nikuelezeje kinyaa hicho. Udongo ningeuelewa, udongo ni kubana bei. Lakini kandambili ni dharau.

Mama alilazwa wiki sita. Kidonda cha mwenye sukari hakiponi kama cha mtu mwingine. Sasa anatembea kwa fimbo na havuki popote. Anazunguka kwa barabara ya juu kwa pikipiki, au anakaa.

Ovasia ndiye aliyenipeleka ofisi ya wadi. Nilikuwa nimeandika barua kuhusu daraja, na nilikuwa nimeirekebisha kwa siku kumi na moja. Alinipokonya. "Barua nzuri ambayo haijatumwa ni ya kufungia mandazi," alisema. Tukaenda.

Afisa alitukaribisha vizuri. Aliisoma barua yote, akakisifu Kiswahili chake. Kisha akavuta faili.

"Shida ni kwamba hili daraja lilikaguliwa kabla ya kupokewa."

"Na nani?" Ovasia akauliza. Swali lake lile lile.

"Na nyinyi wenyewe, mzee."

Akageuza karatasi ituelekee. Niliitambua mistari yangu kabla sijasoma chochote. Na kitu cha kwanza nilichoona, Mungu anisamehe, ni kwamba kichwa kilikuwa kimepinda. Mtu alikuwa ameirudisha karatasi kwenye mashine nyingine akachapa kwenye ile nafasi, na maneno yakalalia kulia. Nilikasirishwa na kupinda kwake. Ndipo nikasoma: WANANCHI WALIOKAGUA DARAJA NA KURIDHIKA NA KAZI.

"Namba moja," afisa akasema kwa upole, "huyu mwenye mwandiko mzuri, si ni wewe?"

Nilimgeukia Ovasia. Nilitaka atukane. Nilitaka ateme mate, hata kama ni kwenye zulia la afisa. Alichukua karatasi akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye mistari, kwenye safu zangu zilizonyooka.

"Hii kazi ya kuchora ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu, Kuka."

"Ni kazi nzuri," alisema, akairudisha mezani. Akavaa kofia yake akatoka.

Hakuja kibandani tena. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Nilisikia nyundo yake mara moja nyuma ya soko, nikainama chini ya meza kama mwizi. Niliendelea kuchapa. Kijana wa wadi alileta kazi nyingine, mistari sitini, nafasi juu. Nikamwambia mashine imeharibika. Huo ndio uliokuwa ujasiri wangu wote: uongo kuhusu mashine.

Kisha nikaambiwa Ovasia ameanguka, upande wa kulia wa mwili umelala. Nilikaa siku nne nikitunga maneno ya kumwambia. Siku ya tano mama alinitupia fimbo yake.

"Wewe unangoja nini? Atakufa ukipanga sentensi."

Nilimkuta kitandani, karai sakafuni likipokea tone la bati. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja lakini macho yalikuwa yale yale. Nikaweka juu ya stuli kitu nilichobeba: chupa ya soda ya machungwa.

Aliitazama. "Hii nayo," alisema kwa ulimi mzito, "naweka sahihi wapi?"

Nilicheka huku nalia. Nilimnywesha. Alifumba macho kama kawaida yake, nyingine ikamwagika shingoni, nikampangusa. Kisha akagonga ukingo wa kitanda kwa vifundo vya mkono wa kushoto, kama anayeita mkutano.

"Toa karatasi."

"Nikachape kwanza, Kuka. Nitarudi jioni."

"Hapa hapa. Na kalamu."

Nilikuwa na daftari la risiti tu. Nilichana ukurasa nikaugeuza upande usio na kitu. Alinitajia maneno ya barua yake kwanza, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Kwamba yeye, aliyekuwa ovasia wa serikali, aliweka sahihi kupokea tangi la maji la zahanati. Kwamba alikuwa na nyundo na hakugonga. Kwamba anafuta sahihi hiyo.

"Niandike kwa nani? Ile ofisi yenu haipo tena."

"Kwa anayekalia kiti."

Aliweka sahihi kwa mkono wa kushoto. Ilionekana kama nyayo za kuku, na ilikwenda nje ya mstari. Kisha akasema, "Sasa yako."

Niliandika. Kwamba mimi, namba moja kwenye orodha ya daraja, sikukagua chochote. Kwamba karatasi ilikuwa tupu juu nilipoweka sahihi, na najua hivyo kwa sababu ni mimi niliyeiacha tupu. Kwamba sijaridhika. Kwamba nafuta sahihi yangu na naomba daraja likaguliwe upya, ligongwe mbele ya watu. Kwenye mstari wa pili niliruka neno zima, ikabidi nilipachike juu kwa mshale, kama mtoto wa darasa la tatu. Nikashika ukurasa kuuchana nianze upya.

Mkono wake wa kushoto ukaja juu ya wangu. Ulikuwa mzito bado.

"Wacha."

"Ni mbaya, Kuka."

"Ile daraja," alisema, "ilipakwa chokaa vizuri sana."

Nilikaa naye mpaka karai likajaa, nikalimwaga, nikalirudisha. Hatukuzungumza tena mambo ya kazi. Aliniuliza mguu wa mama. Nilipoondoka aligonga kitanda mara mbili. Sikumwona tena.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kibanda kupiga kopi za barua zote mbili. Kompyuta ilikuwa pale pale, imewaka. Ingenichukua dakika kumi kuchapa ile yangu ikiwa safi. Nilisimama mbele yake zaidi ya hizo dakika kumi. Kisha nikapiga kopi, nikazima stima ukutani nikaenda ofisi ya wadi.

Afisa hakuwepo. Alikuwepo kijana wake, yule yule wa mistari. Alisoma barua ya Ovasia akakunja uso. Akasoma yangu.

"Sasa hii niweke wapi? Hatuna faili ya watu wanafuta sahihi."

"Fungua moja."

"Dada yangu, hata ukifuta, bado kuna watu thelathini na tisa."

"Nawajua. Wengi ni wateja wangu."

Alinitazama kuona kama natania. Akaitazama tena barua, akaweka kidole kwenye lile neno lililoning'inia juu ya mstari na mshale wake. "Wewe si ndiye huyu wa kuchapa vizuri? Nenda ukachape hii kitu vizuri, urudi Jumatatu."

Hakujua alikuwa amenigonga wapi. Nilishika kaunta. Nilitaka kuichukua. Nilitaka kweli.

"Piga muhuri hivyo hivyo," nilisema.

Watu wa foleni nyuma yangu walianza kuguna. Mmoja aliuliza hiyo karatasi ni ya nini, nikageuka nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, tangu ile nafasi ya juu hadi ile kandambili. Kijana alifungua droo, akafunga, akafungua nyingine, akapata muhuri. Akaupuliza. Akaugonga kwenye barua ya Ovasia, kisha kwenye yangu, kisha kwenye kopi.

Kwenye yangu ulitua ukiwa umepinda. Niliutazama, nikaikunja kopi, nikaondoka.